Mtaa Ulioitikia Yowe

Dalali aliyetuzungusha Mbeya mwezi uliopita alikuwa kijana mcheshi, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko nyumba alizotuonyesha. Lakini hii ya mwisho, kule juu lami inakoishia na migomba ya watu inakoanzia, ilinipendeza kweli. Vyumba vilikuwa na mwanga, maji yalitoka, na jikoni ungeweza kuosha vyombo huku ukiuangalia mlima. Mume wangu alikuwa ameshaanza kupima kwa macho pa kuweka kabati. Dalali akaona tumelegea, akapigilia msumari wa mwisho.

"Halafu dada, kwa usalama usiseme. Hapa watu wameshikana. Wewe piga kelele mara moja tu, uone kama atabaki mtu ndani. Na grupu la WhatsApp lipo. Mgeni akikatiza tu, picha yake iko hewani, tunaulizana, huyu wa nani?"

Nyuma ya ukuta kuna mtu alikuwa akichoma majani ya mkaratusi, na moshi wake, ule unaonukia kama dawa ya kifua, ukaingia dirishani. Nikamwambia mume wangu twende. Hakubisha, maana anaijua sababu. Dalali alitufuata hadi barabarani akiwa haamini. "Dada, wenzio hicho ndicho wanachokitafuta!" alisema. Nilijua. Hata mama yangu ndicho alichokitafuta, akakipata.

Tulihama Mwanjelwa, hukuhuku Mbeya, nikiwa mdogo wa kubebwa usingizini na kutembezwa mchana. Baba alikuwa fundi umeme, Mhehe, na kazi ilikuwa imemrudisha kwao Iringa. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwake Iringa ilikuwa ughaibuni. Nyuma ya soko la Mwanjelwa tulikuwa na chumba na sebule tu, lakini ukikohoa usiku, asubuhi watu wa upande wa pili wa ukuta wanakuuliza kama umepona. Kihesa, mtaa wa Iringa tulikopanga mara ya kwanza, watu walitusalimia "Kamwene" kwa upole mno, wakasubiri tuitikie, kisha wakaingia ndani kwao kuukimbia upepo. Mama hakuuzoea upole ule. "Huku," alimwambia baba, "siku nikianguka uani nitaokotwa na kuku."

Baba alicheka, lakini mama hakuwa akitania. Aliogopa kufa mahali ambapo hakuna atakayelia. Kwa hiyo baba alipoanza kutafuta pa kujenga, kila mmoja akawa na kipimo chake.

Baba alipima mtaa kwa jicho la fundi. Alitazama nondo za madirisha, akatazama kama duka linauzia watu kupitia wavu, akatazama kama nguo zinaachwa kwenye kamba jua likizama. "Mtaa wenye nondo nene," alisema, "ama una wezi ama una vitu. Kazi yako ni kujua kipi." Alipenda kuta. Alipenda geti linalofunguka bila kulia. Njiani kurudi nyumbani alinionyesha kuta kama mwenzake anavyoonyesha ng'ombe.

Mama aliupima mtaa msibani. Akisikia kuna kifo mahali ambapo baba amepapenda, alijifunga kitenge, akachota unga kwenye ndoo, akanishika mkono, tukaenda kuwazika watu tusiowajua. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke anayeingia msibani na unga haulizwi katoka wapi. Alikaa mkekani na wenzake, akamenya viazi, na macho yake yalikuwa kazini. Nani anachota maji? Vijana wanapasua kuni wenyewe au wameitiwa mtu? Watu wakishakula wanabaki au wanatafuta viatu? Baba alimtania: "Ninyi Wanyakyusa msiba kwenu ni sherehe." Naye alimjibu, "Na ninyi mnamzika mtu kama mnaficha kitu."

Nilizipenda safari zile, niseme ukweli, kwa ajili ya ugali wa msibani, ule wenye harufu ya moshi, na maharage yaliyopikwa kwenye sufuria ambalo ningeweza kuoga humo. Nami nikajifunza kutazama. Nilijifunza kwamba jirani mwema ni mwanamume anayekuja mbio amebeba kitu chenye mpini. Wa shoka anakwenda kwenye kuni. Wa jembe anakwenda makaburini. Anayekuja mikono mitupu, mama alimtazama mara moja tu na hakumtazama tena.

Jambo nililolikosea ni moja, na lilinitesa. Siku moja nilimsikia akimwambia baba, "Nataka kuwaona watakavyonilia." Basi nikaamini kwamba mama anatafuta pa kufia, na kwamba siku atakapopata mtaa wa kumpendeza atalala chini, afe. Kila tulipotoka msibani nilimtazama usoni. Akiwa amekunja uso nilifurahi, kwa sababu tutaishi naye wiki nyingine.

Kuna mtaa wa kuta ndefu ambao baba aliutamani hadi ukamtoa usingizi. Tulikwenda msiba wa huko. Viti vilikuwa vya kukodi, wapishi wa kukodi, mageti ya jirani yamefungwa, na mbwa wanabweka kwa zamu. Mama alikaa kidogo, akaondoka na unga wake. "Wale wamekodi kila kitu," alisema njiani. "Bado machozi tu." Nilirukaruka njia nzima kwa furaha.

Halafu tukafika Mikaratusini. Mikaratusi yenyewe ilikuwa imekatwa karibu yote, vimebaki visiki vinavyochipua na viwanja vilivyopimwa kwa vigingi. Nyumba nyingi hazikuwa na ukuta. Nyingine madirisha yalikuwa maboksi. Baba alipatazama akaguna. Lakini siku hiyo mtaa ulikuwa unamzika mzee mmoja aliyeishi peke yake, hana mke, hana mtoto, na sijapata kuona watu wengi namna ile. Walitoka kila nyumba. Kwenye sufuria alisimama mama mmoja wa Kibena, Mama Neema, mnene, mwenye sauti ya kuamsha jiwe, akigawa kazi kama refa. Alimwona mama yangu hana shughuli, akamtupia mwiko.

"Wewe mgeni, koroga hapa! Wa wapi wewe?"

"Wa Tukuyu."

"Eeh! Basi leo ugali utakolea."

Mama alirudi nyumbani ana masizi hadi kwenye nyusi, anaimba. "Baba Atu," alisema hata kabla hajavua viatu, "ni hapa." Nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu nilijua mama yangu amepata.

Baba alisitasita. Alisema wezi wanapita kule watakavyo, kuku wanaibwa, nyaya zinaibwa, hakuna ukuta wala taa. Lakini tulipokuwa tunaendelea kujenga uliitishwa mkutano wa mtaa, wazazi wangu wakaenda, nami nikiwa mgongoni kwa baba. Mjumbe wa mtaa, mzee mpole aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, alieleza utaratibu. Kuanzia siku hiyo, yowe likipigwa nje, mchana au usiku, ni mwizi. Kila mwanamume atoke na alichonacho, kila mwanamke atoke. Asiyetoka ataulizwa alikuwa anamficha nani.

Mama alinyoosha mkono. "Na msiba je, mzee?"

"Msiba una heshima yake, mama. Unanijulisha mimi, napita nyumba kwa nyumba kimyakimya. Hatuchanganyi."

Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi. Baba, ambaye hakupenda kitu pasipo kukikagua mara mbili, alipiga pia. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana juu ya mtaa. Mmoja alipata ulinzi wake, mwingine akapata watu wake, na vyote vilikuwa ndani ya yowe moja.

Tuliishi vizuri. Lazima niseme hivyo, maana ndilo linaloniuma zaidi. Mama hakufa. Alinenepa. Mama Neema aliingia kwetu bila kubisha hodi akafunua vyungu, na mama alimfokea kwa raha, kama alivyokuwa akiwafokea watu wa Mwanjelwa. Mume wa Mama Neema alitutengenezea banda la kuku. Muuza maandazi alinipa la nyongeza kila asubuhi kwa sababu nilimwamkia vizuri. Jioni, upepo ukivuma kwenye yale machipukizi ya mikaratusi, harufu ilishuka ikaingia ndani na tukalala nayo. Hofu yangu ikaisha. Nilisema moyoni, kumbe nilikosea, mama alikuwa anatafuta pa kuishi.

Mjomba Lusajo alikuja mchana. Alikuwa kitinda mimba wa kwao mama, yule aliyenibeba mabegani sokoni Mwanjelwa nione kofia za watu kutoka juu. Kwa akina mama yangu, habari ya kifo cha mzazi haipigwi simu. Simu, wanasema, haina mikono ya kukudaka. Anatumwa mtu, tena mtu wa damu, aje asimame mbele yako. Kwa hiyo bibi alipofariki walimtuma Lusajo, naye akasafiri na begi mgongoni, akashuka, akauliza njia, akakatiza mtaa ambao hakuna aliyemjua.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona mjomba, nikataka kumkimbilia, lakini hakunitazama. Alimwendea mama akasema maneno machache ya Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika hadi miguuni kwangu.

Na mama akalia. Kwao kilio cha kwanza hakina maneno, na hakiliwi ndani ya nyumba, kinatolewa nje ili mlima usikie. Alikimbia kuelekea barabarani, mikono kichwani, anapiga ukunga ambao sikujua kama mtu anao tumboni. Mjomba alifanya anachotakiwa kufanya. Alimkimbilia nyuma amshike, asije akajitupa chini akaumia. Fikiria sasa mtu wa nyumba ya jirani anachungulia nini. Mwanamke anapiga yowe barabarani, na mwanamume mgeni mwenye begi anamkimbiza.

Walitoka wote. Sikuwahi kuona mtaa ukitoka haraka namna ile. Walitoka na mipini, na magongo, na majembe, mume wa Mama Neema akiwa na kipande cha mti begani. Na mimi pale mlangoni, Mungu anisamehe utoto wangu, niliona fahari. Nilidhani wameshasikia msiba. Nilidhani wanaleta kuni. Nilisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumwambia, "Wamekuja wote!"

Niliona migongo tu. Mama Neema alikuwa amemkumbatia mama kwa nyuma, anambembeleza: "Tulia, mama, tumemkamata! Tulia, tumeshamkamata!" Mama alikuwa anajitupa, anapiga kelele, anajaribu kuwafikia, na hakuna neno la Kiswahili lililokuwa limebaki kinywani mwake. Kadiri alivyolia ndivyo walivyopiga. Waliona wanamtetea. Alipopata neno, akasema, "Ndugu yangu, ni ndugu yangu," kulikuwa kumeshakuwa kimya, na watu waliokuwa mbele walikuwa wanarudi nyuma kidogo kidogo, kama watu walioona nyoka.

Walimpakia mjomba kwenye gari la jirani. Walimkimbiza hospitali kwa kasi ileile waliyotokea. Hakufika.

Jua halijazama, turubai lilikuwa limesimama uani kwetu. Hakuna aliyeitwa. Wanaume walipasua kuni, vijana wakachota maji, muuza maandazi akaleta unga wake wote. Mama Neema alisimama kwenye sufuria, anakoroga huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Hakuna aliyeondoka baada ya kula. Walilala kwenye baridi nje, wakakodi lori, wakatusindikiza mpaka Tukuyu, wakachimba kwa zamu pamoja na wajomba zangu, bibi upande huu na Lusajo upande ule. Ulikuwa msiba bora kuliko yote niliyoihudhuria na mama. Naye alikaa mkekani akiwatazama kama alivyozoea kuwatazama watu misibani, ila safari hii aliangalia mikono yao tu. Baba alisimama pembeni, hajui aende upande gani.

Polisi walikuja, wakauliza nani. Hakuna aliyejua. Redioni walisema kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Nililiamini hilo miaka mingi. Niliamini wananchi wenye hasira kali ni kabila la watu wakali wanaoishi huko ndani ya msitu, kwamba siku ile waliteremka wakafanya walilofanya wakarudi, kwa sababu wale niliowaona mimi hawakuwa na hasira. Walikuwa na hofu kwa ajili yetu. Niliwajua kwa majina, walinipa maandazi.

Baada ya arobaini mjumbe alikuja na wazee kuomba radhi. Alivua lile koti, akalikunja, akaliweka chini. Alisema mtaa umefanya kosa ambalo hauna maji ya kuliosha. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia, "Mlitoka. Ndicho nilichokuwa nakitaka." Hakusema zaidi, wakaondoka wakiwa wamebeba neno lile ambalo sidhani kama wamelitua hadi leo.

Watu huniuliza kwa nini hatukuhama. Baba alitaka. Alianza tena kunionyesha kuta, ingawa sasa hakuwa na raha nazo. Mama ndiye aliyekataa. Alisema ameshazunguka mitaa yote na mikono ni ileile, tofauti ni nani kaita kwanza. Tukabaki. Mama Neema aliendelea kuja, sasa anabisha hodi, na mama aliendelea kumkaribisha chai. Sijui kama alimsamehe. Nadhani hakuwa na mtu mwingine aliyejua kisa chote bila kusimuliwa.

Kilichoondoka ni sauti. Mama aliyekuwa akinifokea kutoka jikoni nikiwa kwa jirani wa mbali, akawa anakuja hadi nilipo, ananigusa bega. Siku moja nyoka aliingia jikoni, mama akasimama akasema "Nyoka," kama mtu anavyosema "Chumvi." Tulijifunza na sisi. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wanaonong'ona, na wageni walidhani tuna mgonjwa.

Mikaratusini ya leo huwezi kuitambua. Kuna lami, kuna taa, kuna kuta zenye nyaya za umeme ambazo nyingine baba ndiye aliyezifunga. Watumishi na wafanyabiashara wamejaa, viwanja havishikiki. Madalali wanausifu kwa wateja: eneo limetulia, halina wizi, watu wake wastaarabu. Yote ni kweli. Ni wachache waliobaki wa zamani, na hawaulizwi.

Baba alifariki mwaka jana, asubuhi, kitandani kwake, katika nyumba ileile. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua kabla mama hajajua, na kifua changu kikafunguka chenyewe, nikavuta pumzi ya kulia. Sikuwahi kulia kwa sauti tangu utotoni, lakini huyu alikuwa baba yangu. Mama aliruka kutoka upande wa pili wa kitanda, mzee yule wa magoti mabovu, akaniziba mdomo kwa viganja vyote viwili hadi meno yakaumiza midomo.

"Nyamaza," aliniambia sikioni. "Nyamaza, mwanangu. Mumeo yuko nje getini."

Nilichungulia. Mume wangu, Msafwa wa Mbeya, ambaye mtaa ule haukumjua vizuri, alikuwa amesimama barabarani anaongea na simu, amevaa kofia, ana begi mgongoni. Alikuwa ametoka kutafuta mtandao.

Tulimlilia baba tukiwa tumebana mito ya kitanda mdomoni. Mama alimfumba macho, akamfunga kidevu, akamnyoosha, akakaa naye akimsimulia kitu kwa Kinyakyusa ambacho sikukisikia. Nilikwenda kumwita mume wangu kwa kumgusa bega. Tulipokuwa wote ndani, mlango umefungwa, ndipo mama aliponiruhusu kupiga simu kwa ndugu.

Mchana Mama Neema alibisha hodi. Sasa ni bibi mwenye fimbo, ile sauti imekwisha. Alikuta baba amelazwa, ameoshwa, amefunikwa shuka jeupe. Aliuliza tangu saa ngapi, mama akamwambia.

"Mama Atu," alisema, "tangu asubuhi? Mko peke yenu na maiti tangu asubuhi? Mbona hukutuita? Ina maana sisi si watu wako?"

Mama alimwinukia, akamshika mkono akamkalisha kwenye kiti cha baba, akamtengenezea kitenge vizuri begani.

"Ni watu wangu," alimwambia. "Niliogopa mngekuja."